Jinsi ya kukalibreti rada kwa mpira wa alumini unaozunguka dunia

Rada yako inasema kitu fulani kina ukubwa fulani, sawa, ila utajuaje kama haikudanganyi? Unaikalibreti, yaani unailinganisha na kipimo unachokijua kisha unaisahihisha. Unahitaji kitu kiko huko juu ambacho ukubwa wake ulishapimwa kabla hakijarushwa, na hapo ndo setilaiti za mviringo zinapokuja, hazina kamera, hazina betri, hazitumi chochote, ni mpira tu basi.

Anza na LCS-1. Wamarekani waliirusha 1965, mpira wa alumini mtupu ndani, kipenyo mita 1.12, uko kama kilomita 2,800 juu na bado unazunguka. Ukubwa ambao rada inauona ni eneo la duara la mpira: piga 3.14 × 0.56 × 0.56 (0.56 ni nusu ya kipenyo), unapata 0.985, yaani karibu mita 1 ya mraba, na hiyo ilipangwa makusudi. Mpira hauna mbele wala nyuma, ugeuke utakavyo mwangwi ni uleule, wakati setilaiti yenye paneli za sola ikijizungusha kidogo tu namba zinaruka ovyo.

Sasa kazi. Chukua data mpya za obiti, yaani njia yake ya kuzunguka dunia (za wiki kadhaa nyuma zitakupoteza), angalia itapita saa ngapi, chagua siku inapopanda juu angani maana karibu na upeo wa macho hewa inapindisha mawimbi, ifuate mwanzo mwisho huku unarekodi nguvu ya mwangwi pamoja na umbali. Halafu fidia umbali, na hapa usiruke kitu: umbali ukiongezeka mara 2 mwangwi unabaki 1/16. Ukishafidia, grafu ya ukubwa ambao rada inauona inatakiwa ilale kwenye 0.985. Ikilala lakini kwenye 0.8, poa, zidisha vipimo vyako vyote kwa 1.23 (ni 0.985 ÷ 0.8). Ikipanda na kushuka usikimbilie kutafuta wastani, kagua kwanza antena, huenda haiko katikati ya shabaha.

Angalizo: kama wimbi la rada yako ni mita 2 hivi, hesabu ya hapo juu haifai, mpira lazima uwe mkubwa kuliko wimbi, tena kwa mbali.

Kwa kosa la umbali na saa tumia mpira wenye vioo vya kurudisha miale ya leza, mfano Starlette ya Ufaransa ya 1975, ina sentimita 24 tu kwa hiyo rada iwe na nguvu, ila vituo vya leza vinajua ilipo kwa usahihi wa sentimita. Rada ikiionyesha imetangulia au imechelewa kila mara kwenye njia yake, shuku saa yako, maana inakimbia kama kilomita 7 kwa sekunde, milisekunde 1 tu ni mita 7.