Trotineti ya kukunja ya magurudumu tatu: namna ya kuifungua na kufundisha mutoto

Jambo bazazi. Hapa Goma batoto banaona chukudu (trotineti kubwa ya miti ya kubeba mizigo) kila siku zinashuka na mizigo, njo maana mutoto akipata trotineti yake kitu ya kwanza anatafuta ni mutelemko. Zuia ile kabisa, na ufuate hivi:

1. Ukiifungua, inua gido (usukani) mpaka usikie kiloki inafunga "ta!". Kisha wewe mukubwa uitikise mbele na nyuma kwa nguvu mbele mutoto apande. Ikicheza, mutoto hapandi. Minakazia sana hapa sababu uzaifu ya trotineti ya kukunja iko pale inakunjikia, ikijikunja mutoto akiwa juu anaanguka na uso. Wakati ya kukunja, vidole vyake vikae mbali.

2. Gido ifike kati ya kiuno na kifua. Kaza.

3. Kona: nyingi za magurudumu mbili mbele gido yake haizunguke kama ya kinga (baiskeli), mutoto analalia upande kwenye anataka kwenda. Kwanza asimame juu bila kutembea, umushike mabega, alalie kushoto, alalie kuume, mpaka mwili uzoee.

4. Freni iko juu ya gurudumu ya nyuma, inakanyagwa. Afundishwe siku ya kwanza, mbele ya mbio.

Fasi ya kuchezea: simenti laini, uwanja ya shule ao ya kanisa kama banaruhusu. Yale magurudumu ni madogo na magumu, jiwe moja ya volkano inaisimamisha gafula na mutoto anaruka mbele. Barabarani hapana, mapikipiki ni mingi. Na kaske (kofia ngumu ya kichwa) avae, ikae vidole viwili juu ya nyusi.

MASWALI

— Kiloki ya yetu imelegea, nifunge na waya?
Hapana mama, waya inalegea yenyewe. Peleka kwa fundi wa kinga, mutoto angoje.

— Vumbi imeingia, gurudumu inalia. Nioshe na maji?
Maji inaleta kutu kwa rulema (beringi ya ndani ya gurudumu). Pangusa na kitambaa kikavu, toa nywele na nyuzi zenye zimejizungusha. Ikiendelea kulia badilisha rulema, kwa trotineti nyingi ni namba 608, 8 mm ndani, 22 mm inje.

— Niko na wa miaka 3 na wa miaka 8, batumie moja?
Papa, soma kilo zenye zimeandikwa chini ya ubao. Kama mukubwa hapitishe, sawa, lakini mushushe gido kila mara mudogo anapanda, na bawili pamoja juu yake hapana.