Jinsi ya kudumu kwenye mieleka ya mikono bila kuvunja mkono

Vijana wananiuliza imekuaje mpaka leo nasimama mezani na mvi zote hizi, jibu langu ni kwamba nguvu zinakuja baadae, kwanza jifunze kuulinda mkono. Mimi nilianzia kijiweni, meza ya mbao na viti vya plastiki, na hapo hapo nikasikia mkono wa rafiki yangu ukilia kwaa! Ule mlio sijausahau.

Mfupa unaovunjika ni ule wa kati ya bega na kiwiko, na wengi wanadhani umevunjwa na nguvu za mpinzani kumbe umesokotwa. Yani mtu akizidiwa anageuza uso pembeni, anasukumia bega, mwili unatangulia mkono unabaki nyuma, basi mfupa unakamuliwa kama nguo ya kufuliwa. Dawa yake ni moja, angalia mkono wako muda wote, macho yakiwa pale kifua na bega vinafuata vyenyewe. Mkono ukae mbele ya kifua, uende pamoja na mwili. Ukiona umeachwa nyuma ya bega, achia, kubali raundi imeenda, nakuomba sana hapa usibishane.

Meza ya mashindano ni ya kusimama, ina kimo cha kama mita moja, ina mto wa kiwiko na kipini cha kushika kwa mkono mwingine. Unavuta kwa mkono wa kulia? Tanguliza mguu wa kulia, tumbo lisogee mezani. Kiwiko kikinyanyuka kwenye mto ni faulo, mbili umepoteza. Mikono ikichomoka refa anaifunga mkanda.

Refa akisema anza, usikimbilie kusukuma pembeni, vuta kwanza kuja kwako huku unapanda juu kwenye vidole vyake, kifundo chake cha mkono kikilala nyuma ile misuli yake yote ya gym haina kazi tena. Mwangalie John Brzenk wa Marekani, fundi wa ndege, mwaka 1986 pale Las Vegas alishinda mashindano akapewa lori zima akiwa na miaka 22, afu miaka yote iliyofuata akawa analaza watu waliomzidi uzito mbali kabisa, na alipovuka miaka 50 bado alikuwa mezani. Huyo ana kiganja na kifundo, na anajua kusoma mkono wa mtu akishaushika tu, mi namheshimu kuliko wote.

Mazoezi hayahitaji hela. Chukua nyundo, shika mwisho wa mpini, geuza kiganja taratibu kiangalie chini, rudisha, mara 15 hivi. Ning'inia kwenye taulo. Ndoo ya maji inyanyue kwa kukunja kifundo cha mkono.

Sasa kupumzika ndo watu hawataki. Misuli inakua haraka ila kano zinachelewa sana maana damu inayofika kule ni kidogo, kwahiyo kijana anajiona simba miezi mitatu afu kiwiko kinaanza kuuma kwa ndani. Meza ya nguvu zote iwe mara moja kwa wiki, inatosha. Na watoto ambao mifupa bado inakua wasivutane kwa nguvu zote, kile kifupa cha ndani ya kiwiko kinaweza kung'oka. Maumivu yakianza simama, usirudi mezani mpaka ubebe ndoo iliyojaa bila kuyasikia.