Kabla Hujahamia Lubumbashi: Barua ya Kanisa, Salamu na Sadaka

Anayekuja Lubumbashi, mji wa Katanga kusini mwa Kongo (DRC), kwa kazi ya mgodi, malori au biashara huwa amejipanga vizuri kwa viza, kadi ya chanjo ya homa ya manjano na noti safi za dola, maana iliyochanika hata kidogo hukataliwa dukani. Kanisa huachwa mwisho: nitalitafuta nikifika. Mimi nasisitiza lipangwe pamoja na viza. Ukiugua ugenini, na huna shangazi wala binamu mjini, watakaobisha hodi ni watu unaosali nao, na hawawezi kubisha kwa mtu wasiyejua anakaa wapi.

Kwa hiyo tangulia na barua ya utambulisho. Mwombe paroko, mchungaji au mzee wa kanisa aiandike kabla hujaondoka: jina lako, parokia au usharika wako, kama umebatizwa, umepata kipaimara, umefunga ndoa, na kama unahudumu kwenye kwaya au kamati. Iwe na mhuri. Itafsiriwe kwa Kifaransa, kwa kuwa ofisi nyingi za kanisa hapa huandika kwa lugha hiyo hata pale ibada inapoendeshwa kwa Kiswahili. Beba na vyeti vya ubatizo na ndoa. Mtoto akizaliwa huku, au ukiombwa kuwa msimamizi wa ubatizo wa mtoto wa jirani, utaulizwa karatasi hizo, na kuzifuatilia Moshi au Kisumu ukiwa Katanga ni usumbufu mkubwa. Inaniuma kuona mtu aliyetumika miaka mingi kwao akikaa benchi la nyuma kwa sababu tu hakuna anayejua habari zake.

Waprotestanti wengi wa Kongo wako chini ya mwavuli mmoja unaojulikana kwa herufi za Kifaransa ECC (Église du Christ au Congo, yaani Kanisa la Kristo Kongo). Kila jumuiya ndani yake ina namba, ndiyo maana utaona vibao kama 3e (yaani ya tatu) CBCA, ya Wabaptisti wenye makao Goma, au 8e CEPAC, ya Wapentekoste wenye makao Bukavu. Waulize viongozi wenu wanashirikiana na jumuiya ipi, uje na namba yake. Wamethodisti wana mizizi mirefu Katanga, Waanglikana wana dayosisi, na Walutheri na Wasabato nao wapo.

Mkatoliki atalipata kwa urahisi kanisa kuu la Watakatifu Petro na Paulo, lakini parokia ya mtaani ndiyo itakayomfahamu. Ulizia CEVB (communauté ecclésiale vivante de base) ya barabara yenu, ambayo ni kama jumuiya ndogondogo za kwetu. Jiandae pia kukutana na utaratibu wa misa uliokubaliwa na Vatikani mwaka 1988 kwa majimbo ya Zaire, kama nchi ilivyoitwa wakati ule. Watakatifu na mababu wema huitwa mwanzoni mwa misa. Utukufu huimbwa kwa kucheza kuzunguka altare. Kuungama dhambi na kutakiana amani huja baada ya mahubiri na Nasadiki, si pale tulipozoea. Si kila misa hufuata utaratibu huo. Ukiukuta, mfuatishe aliye kando yako.

Mlangoni, mwanamume anaweza kukusogelea akiinamisha kichwa. Anakusalimu: mnagusanisha pande za vipaji vya uso, huku, kule, kisha huku tena. Ukishtuka na kurudi nyuma umemkataa mbele za watu. Kwa mzee usianzishe wewe. Mpe mkono wa kulia huku wa kushoto umeshika kigasha, na umwite Papa, yaani baba. Mama naye aitwe Mama, hata kama mmelingana umri.

Wageni huombwa kusimama na kujitambulisha, basi andaa sentensi mbili tatu. Mkenya azingatie kwamba Kenya ni jina la mojawapo ya komuni, yaani wilaya ndogo, za mji huu. Ukisema unatoka Kenya utadhaniwa umeingia kutoka mitaa ya jirani. Taja Nairobi au Eldoret. Sadaka huweza kutolewa zaidi ya mara moja, watu wakienda mbele kwa mstari na kwa kucheza. Gawanya faranga ndogondogo kabla hujaingia, usije ukafungua pochi ya dola mbele ya kapu.

Saa ya Lubumbashi iko nyuma ya Dar es Salaam na Nairobi kwa saa moja. Muda wa ibada omba uandikiwe kwa tarakimu, usije ukachanganya saa.

Ukialikwa kwa Wakimbangu, waumini wa kanisa linalomfuata Simon Kimbangu, vua viatu kabla ya kuingia hekaluni, na mwanamke ajifunike kichwa. Kimbangu alifariki akiwa mfungwa katika mji huu mwaka 1951, baada ya kifungo cha miaka 30, kwa hiyo mtaje kwa heshima. Krismasi yao ni tarehe 25 Mei.

Makanisa ya réveil, yaani ya uamsho, yako kila kona, na mengi yana watu wema. Lakini toka mara moja pale mchungaji anapomtaja mtoto wa nyumbani kuwa mchawi, anapodai fedha ili akuombee faragha, au anapokukataza kuzungumza na ndugu zako. Nchini humu wapo watoto waliofukuzwa makwao kwa tuhuma za namna hiyo, na mgeni mwenye upweke hushawishika upesi. Kama utakuwa na msaidizi wa kazi aliye na mtoto, mlinde na mtoto huyo pia.

Mwisho, tenga fungu la kilio, yaani msiba. Muumini mwenzako akifiwa, nenda hata kama hukumjua marehemu. Keti na wanaume au wanawake wenzako, mpe mchango mwenye daftari, na usiage haraka.