Dodoma ijue kwa miguu, anzia Majengo

Mgeni wa Dodoma, usiishie Nyerere Square na hotelini. Amka mapema, saa moja asubuhi uwe soko la Majengo kabla jua halijachachamaa. Msalimie mama muuza mboga kwa Kigogo, "Mbukwenyi!", uone uso unavyofunguka; hapo utaelekezwa mlenda mzuri, ule mkavu uliosagwa, unapimwa kwa kikopo. Toka hapo tembea taratibu hadi Uhindini, ukaangalie nyumba za zamani zenye maduka chini. Area C na Area D chukua bajaji tu, mitaa ni mirefu. Jioni panda Mlima wa Simba, mji wote unauona. Na zabibu, jamani, nunua mwezi wa pili au wa nane, zikiwa shambani zimeiva.