Jinsi ya kusoma maandishi ya mkono kwenye vitabu vya mitumba vya uvuvi

Ukifika Hay-on-Wye, mji mdogo wa mpakani mwa Wales na Uingereza ambao tangu miaka ya 1960 unaishi kwa vitabu vya mitumba, nenda moja kwa moja kwenye rafu ya uvuvi. Chomoa kitabu cha zamani, chochote kile, na kabla ya kusoma jina lake fungua ukurasa mtupu wa mbele. Hapo ndipo wavuvi wa mshipi wa nchi hii walipokuwa wakiandikiana: baba kwa mwanawe, mke kwa mume anayestaafu, mwalimu kwa mwanafunzi aliyefanya vizuri. Mimi ni mzaliwa wa Pangani, sasa naishi Hereford, na mto Wye unapita hapahapa mjini. Jinsi wenyeji wanavyoupenda mto wao nilianza kuielewa kwenye kurasa hizo.

Wauzaji huyahesabu maandishi ya mtu asiyejulikana kuwa dosari, na bei hushuka. Nakala safi ikiuzwa pauni 25, ile iliyojaa penseli pambizoni unaweza kuipata kwa 4. Chukua ya 4.

Kwanza tafuta umri. Mwaka wa kuchapwa huwa nyuma ya ukurasa wa jina. Maandishi hayawezi kuutangulia, ila yanaweza kuja hata miaka 40 baadaye, kwa hiyo usikimbilie kuamini kwamba zawadi ilitolewa kitabu kilipotoka. Kisha chunguza wino. Wino wa zamani wa kuchovya, uliotengenezwa kwa madini ya chuma, ulikuwa mweusi na sasa umegeuka hudhurungi. Kalamu ya biro huacha mfereji ambao utauhisi kwa kidole upande wa pili wa karatasi, na kalamu hizo zilianza kuuzwa madukani Uingereza mwishoni mwa 1945. Tarehe ya 1938 iliyoandikwa kwa biro iliandikwa baadaye, labda na mtoto aliyekuwa akikumbuka.

Bei nayo inasema. Ukiona 12/6 kwa penseli kwenye pembe ya juu, hizo ni shilingi 12 na peni 6. Pauni ilikuwa shilingi 20, na shilingi moja peni 12 (si senti 100 kama shilingi zetu), hadi tarehe 15 Februari 1971 walipobadilisha. Na kama pembe ya jalada la karatasi imekatwa kwa mkasi pale bei ilipochapwa, mara nyingi kitabu kilikuwa zawadi. Mtoaji hakutaka bei ionekane.

Usikikung'ute kitabu kabla ya kukipekua. Vibali vya kuvulia hutumika kama alama ya ukurasa, na kibali chenye jina la mamlaka ya mto (River Authority) kwa kawaida ni cha kati ya 1965 na 1974, kwa sababu mamlaka hizo zilidumu miaka hiyo tu.

Siku na mwezi vitazame kuliko mwaka. Krismasi ni nyingi na hazina la kusema. Lakini kwenye mito ya Uingereza, samaki wasio samoni wala trauti hufungiwa kuanzia 15 Machi, na msimu hufunguliwa 16 Juni. Sheria ya kwanza ya mapumziko hayo ni ya 1878. Ninacho kitabu ambacho binti alimpa baba yake, tarehe ni 15 Juni 1951, na chini yake kaandika neno moja tu: kesho. Tangu nikipate, nikishika kitabu chochote cha uvuvi macho yanatangulia kutafuta Juni.

Pambizoni ndiko kwenye utajiri. Tenganisha mikono kwanza: nani anaandika kwa penseli, nani kwa wino, herufi za nani zimelala. Nina kitabu cha kuvua trauti kwa nzi wa bandia (ndoana iliyofungwa manyoya ili ifanane na mdudu) ambamo watu wawili wanabishana. Mwandishi wa kitabu anapendekeza nzi fulani. Mwenye wino amekata na kuandika Coch-y-Bonddu, nzi maarufu wa Wales, ndoana namba 14. Mwenye penseli, aliyekuja baadaye kwa sababu anamjibu, anasema namba 14 ni ndogo mno kwa maji ya Mei, tumia 12. (Namba ikikua, ndoana inapungua.) Pembeni pameandikwa 2-4. Ni uzito huo, pauni 2 na aunsi 4, yaani kama kilo moja, trauti wa kujivunia kwenye vijito vya huku. Samaki yule aliuliwa na nzi wa nani? Mwandiko ni wa penseli, kwa hiyo nampa yeye ushindi.

Penseli iliyofutwa isomeke vipi? Zima taa, shika tochi ubavuni mwa ukurasa ili mwanga utambae juu ya karatasi, nayo mikwaruzo itajitokeza. Wino wa chuma uliofifia huonekana mweusi chini ya taa ya miale ya urujuanimno, kama zile za kukagulia noti. Piga picha hapohapo. Usilowanishe, usifute uchafu kwa raba karibu na maandishi, usibandike selotepu.

Ukikuta nzi wa bandia amechomekwa kwenye mgongo wa kitabu, usimvute. Ndoana ina ncha ya nyuma inayokamata, na ukivuta utapasua karatasi. Isukume mbele ipite, ikate kwa koleo, kisha weka vipande na manyoya kwenye bahasha ndogo uandike ukurasa vilikotoka. Ukiiacha, kutu itakula kurasa kadhaa.

Nawe andika, kwa penseli laini, ukurasa wa mwisho: umenunua wapi, lini, kwa bei gani, ukavulia mto upi. Ukiweka picha mtandaoni, funika majina na anwani za watu, kwa sababu wajukuu wao huenda bado wanaishi nyumba ileile. Tarehe, samaki na ubishi viache vionekane.