Jinsi ya kujaza Barthel ya mgonjwa wa kiharusi, kitu kwa kitu

Madaktari wenzangu wa utengamao, hasa nyie mnaoanza, naomba tuongee kuhusu skeli ya Barthel, ile fomu ya alama inayoonyesha mgonjwa anajitegemea kiasi gani kwenye shughuli za kila siku. Tunaijaza kila siku na mara nyingi tunaijaza vibaya, mtu kakaa mezani na faili anatiki tu kwa kumbukumbu, alafu namba hiyo hiyo ndo inaamua mgonjwa aende nyumbani au abaki wodini.

Skeli yenyewe ilitoka Marekani mwaka 1965, ya daktari Florence Mahoney na mfiziotherapia Dorothea Barthel. Ina vitu 10: kula, kuoga, kunawa uso na kupiga mswaki, kuvaa, haja kubwa, mkojo, kutumia choo, kuhama toka kitandani kwenda kwenye kiti, kutembea, na kupanda ngazi. Kuoga na kunawa mwisho 5, kuhama na kutembea mwisho 15, vilivyobaki mwisho 10, jumla 100. Alama zinapanda tano tano, ukiona umeandika 7 rudi uangalie upya.

Sasa sikiliza hapa ndo penye kazi. Unaandika kile mgonjwa ANACHOFANYA, sio anachoweza kufanya. Nilikuwa na mzee mmoja, kiharusi kimechukua upande wa kulia, kwenye faili kula kapewa 10 kwa sababu mkono wa kushoto una nguvu na kijiko anashika vizuri tu. Siku moja nikapita saa ya chakula cha mchana, nikamkuta binti yake anamega ugali anamlisha tonge moja moja na mzee kaweka ule mkono mzima chini ya shuka. Kumuuliza taratibu akasema hawezi kula na mkono anaotawadhia mbele za watu. Basi hiyo ni 0, hata kama nguvu anayo, na ile 0 ndo ilitufanya tukae nae na binti yake, tukampa kijiko kilichofungwa kitambaa mpinini, tukamwekea pazia wakati wa kula. Kwa ile 10 ya mwanzo hakuna ambae angehangaika nae.

Kwahiyo usiulize "anaweza kuvaa?", uliza "asubuhi ya leo nani kamvalisha?" Muulize mgonjwa, muulize ndugu anaemuuguza, na usimsahau nesi wa zamu ya usiku maana habari za mkojo anazo yeye. Angalia siku moja au mbili zilizopita, ila haja kubwa angalia wiki nzima. Mwenye mpira wa mkojo anaesaidiwa kuumwaga mfuko ni 0, anaejihudumia mwenyewe kabisa ni 10. Fimbo, mkongojo, kushika bomba ukutani, vyote ruksa, havipunguzi alama. Ila kama lazima mtu asimame pembeni asije akaanguka, huyo bado hajajitegemea, usimpe alama zote.

Kuna mambo ya kwetu ambayo fomu haiyasemi. Kuoga kwa ndoo, je aliyeletewa maji bafuni apate 5? Mimi nampa, mradi aingie, aoge na atoke mwenyewe, lakini kubalianeni timu nzima, la sivyo wiki hii daktari huyu anatoa 5 na wiki ijayo yule anatoa 0 na mgonjwa ni yule yule. Choo nacho andika ni cha aina gani, maana mtu anapata 10 kwenye choo cha kukaa cha wodini na nyumbani kwake cha kuchuchumaa hakiwezi kabisa.

Alafu jumla peke yake usiiamini. Wagonjwa wawili wana 80 kila mmoja: mmoja anajiendesha kwenye wilichea na ngazi hawezi, mwingine anatembea na ngazi anapanda ila mkojo na haja kubwa vyote vinamtoka. Mipango yao haifanani hata kidogo, soma mstari kwa mstari.

Na akifika 100 usimfungie faili, hiyo inasema tu hahitaji mtu wa kumhudumia mwilini, haisemi kama anaweza kupika au kuishi peke yake, na kumbukumbu na akili haigusi kabisa. Hapo mfanyie kipimo cha Berg kwa ajili ya balansi, vipengele 14 alama 56, na kama mmefundishwa FIM, skeli nyingine ya kupima kujitegemea, itumieni, ina vipengele 18 na vitano kati ya hivyo ni vya akili na mawasiliano, kama kuelewa, kuongea na kukumbuka.

Jaza siku anayolazwa, rudia kila wiki, na mara ya mwisho siku anayoruhusiwa, tena ile ya mwisho ijazeni ndugu atakaekaa nae nyumbani akiwepo hapo hapo.