Mtoto anakohoa? Hesabu pumzi zake kwanza

Wazazi wenzangu, mtoto akikohoa wengi tunamshika paji la uso, tukiona ana joto tunampa panadol basi, kumbe cha kuangalia sana ni anavyopumua, manake mapafu yakijaa nimonia mtoto anapumua harakaharaka ili apate hewa ya kutosha.

Miaka ya 80 daktari Frank Shann, akiwa Goroka huko Papua New Guinea, alionyesha kwamba pumzi za haraka na kifua kubonyea zinatosha kumwongoza mhudumu asiye na eksirei. Na hapa kwetu Bagamoyo, watafiti Mtango na Neuvians walifundisha wahudumu wa vijijini kutambua nimonia na kutoa dawa hukohuko kijijini, vifo vya watoto wa chini ya miaka 5 vikapungua kwa zaidi ya robo ndani ya miaka miwili! Kwa kweli hii habari kila nikiikumbuka inanigusa, ni Bagamoyo hii hii ya kwetu.

Sasa unahesabuje. Subiri mtoto atulie, asiwe analia wala ananyonya, akiwa amelala ndo vizuri zaidi. Pandisha nguo uone tumbo na kifua, weka taimu ya simu dakika 1 nzima, usihesabu nusu halafu ukazidisha mara mbili, watoto wanapumua bila mpangilio utakosea. Kifua kikipanda na kushuka hiyo ni moja. Ukipoteza hesabu anza upya, na kichanga rudia mara ya pili hata kama umepata namba kubwa.

Chini ya miezi 2, pumzi 60 au zaidi ni za haraka. Miezi 2 mpaka 11 ni 50, mwaka 1 mpaka kabla hajafika miaka 5 ni 40. Akifika hapo mpeleke zahanati siku hiyohiyo, na kichanga wa chini ya miezi 2 usisubiri hata kidogo.

Halafu angalia chini ya mbavu, akivuta hewa pale panaingia ndani? Au hawezi kunyonya, anatapika kila kitu, ana degedege, amelegea haamki vizuri, midomo imekuwa ya bluu? Hapo hata kuhesabu acha, tafuta usafiri wa hospitali muda huohuo iwe usiku iwe mchana.

Na jamani msimpeleke kukatwa kimeo, kimeo hakileti nimonia, mtoto anaweza kutoka damu nyingi au kupata maambukizi, na siku zinapotea bure. Amoksilini iliyobaki ya kaka yake nayo usimpe, dozi inaenda kwa uzito na umri.

Ile namba iandike kwenye simu pamoja na saa uliyohesabu, ukifika tu mwambie nesi "amepumua mara 56 kwa dakika saa 2 usiku, ana miezi 8".